Ausonia Si Pambo la Shairi

Wanaofundisha Aeneid, utenzi mkuu wa Vergilius, wakifika kwenye neno Ausonia hulipita mbio. “Jina la kishairi la Italia,” huwaambia wanafunzi, na somo likaendelea. Maelezo hayo ni zulia lililotandikwa juu ya kaburi.

Waausoni walikuwa watu. Waliishi kati ya Roma na Capua, karibu na mto uitwao leo Garigliano. Mwaka 314 KK, Roma ikiwa vitani na Wasamniti, vijana 12 wa koo kubwa walitoka katika miji ya Ausona, Minturnae na Vescia wakaenda kuisaliti kwa Warumi. Askari walijificha usiku karibu na malango. Kulipokucha, wengine waliingia mjini wamevaa kiraia, panga zimefichwa ndani ya nguo. Miji yote mitatu ilianguka saa ileile.

Anayesimulia haya si adui wa Roma. Ni mwanahistoria wake, Titus Livius, aliyeishi zama za Vergilius. Anakiri mwenyewe kwamba majemadari hawakuwapo, kwamba mauaji hayakuwa na kikomo, na kwamba kabila la Waausoni lilifutwa ingawa kosa lao la uasi halikuwa na uhakika. Miaka miwili baadaye Warumi walianza kujenga Via Appia, barabara iliyopita katika ardhi hiyo.

Ndipo jina la waliochinjwa likawa jina tamu la nchi ya wachinjaji.

Watetezi watasema Vergilius alilipokea kwa Wagiriki. Ni kweli: Apollonius wa Rhodes alikwisha kulitumia katika karne ya 3 KK. Lakini Mgiriki alikuwa akitaja nchi ya mbali. Mrumi alikuwa akitaja watu ambao babu zake waliwaangamiza.

Watasema tena: ni mizani tu. Ushairi wa Kilatini hupanga silabi ndefu na fupi, na neno Italia, kwa matamshi yake ya kawaida, haliingii katika mstari wa utenzi. Mshairi yeyote wa Kiswahili anaujua uhuru wa kurefusha na kufupisha maneno. Vergilius naye aliutumia: alirefusha silabi ya kwanza ya Italia, akaliweka neno hilo katika mstari wa pili kabisa wa utenzi wake. Njia ilikuwa wazi. Alipoandika Ausonia, alichagua.

Tazama alichokifanyia jina hilo mwishoni. Katika kitabu cha 12, Juno anamwomba Jupiter wenyeji wasipoteze jina lao wala lugha yao chini ya wageni kutoka Troya. Jupiter anakubali: Waausoni watabaki na lugha ya baba zao, mila zao na jina lao. Kisha anaongeza kwamba wote atawafanya Walatini wa lugha moja. Soma ahadi hiyo ukiwa na Livius mkononi. Waausoni wanaahidiwa uhai na mungu wa taifa lililokwisha kuwafuta, na lugha ya baba zao, kumbe, ni Kilatini! Msema pweke hakosi. Hakubaki Muausoni wa kujibu.

Sisemi Vergilius hakuwa na huruma. Utenzi wake unawalilia walioshindwa kuliko tenzi nyingi za washindi, na ndiyo maana ninausoma. Lakini huruma kwa Turnus, shujaa wa hadithi, haifidii kimya juu ya Vescia, mji wa kweli.

Ninachodai ni kidogo. Mwalimu akifika kwenye neno Ausonia, asiseme “jina la kishairi” akanyamaza. Aseme: hili lilikuwa jina la watu, waliuawa mwaka 314 KK, waliowaua waliendelea kulitumia kwa sababu lilisikika vizuri. Kisha asome mstari kwa sauti, na wanafunzi wauhukumu wenyewe uzuri wake.