Daftari la Kazi Halina Nafasi ya Dini



Sisi makarani wa mgodi ni watu wa daftari. Kila asubuhi twaandika jina la mtu, namba yake, shimo analoingia, siku alizofanya na kilo zilizopimwa. Hizo ndizo nafasi za daftari. Tangu tulipofundishwa kazi hii hatujaona mahali pa kuandika mtu anasali wapi.

Sasa sikieni neno lililotufikia. Mtu mmoja mwenye cheo aliingia biro, akafunga mlango, akasema: "Pembeni ya kila jina wekeni herufi moja. Mwislamu M, Mkristo K. Ni kwa ajili ya usalama." Tukamwuliza: usalama wa nani? Akajibu kwamba watu wanauawa huko Beni, na kwamba yafaa kujua mapema nani ni nani.

Herufi hiyo hatukuiandika, wala hatutaiandika. Leo twaeleza sababu mbele ya watu wote, maana neno hili halikubaki biro. Limekwisha kutoka, linatembea sokoni, mtoni na mdomoni mwa mashimo.

Huko nje lina midomo miwili. Mdomo wa kwanza wasema: Mwislamu ni ndugu wa wale wa msituni, asipewe shimo, asiwekwe kulinda ghala. Mdomo wa pili wajibu: basi nasi tujitenge, tuwe na koperative yetu, tununue kwa wenzetu tu, na kijana atakayekula sahani moja na Mkristo ahesabiwe kafiri. Ndugu, midomo ni miwili, ulimi ni mmoja. Wote wawili wataka kitu kile kile: tusikae pamoja.

Tuanze na Beni, kwa kuwa ndipo wanapookota kuni za moto wao. Ni kweli, watu wa ADF, waliotoka Uganda katika miaka ya 1990, wameua watu wetu wengi sana, hasa tangu Oktoba 2014. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lilipasuka katika kanisa huko Kasindi, watu wakiwa katika ibada. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025 wauaji waliingia Komanda, katika Ituri, wakaua watu zaidi ya 40, na wengi wao walikuwa wakikesha kanisani. Twawalilia wafu hao. Asiyewalilia si mwenzetu, hata akisali mara 50 kwa siku.

Lakini anayetaka kutumia maiti hizo ili kuandika herufi katika daftari la Kama, na atoe habari nzima. Tarehe 1 Mei 2021 Sheikh Ali Amini, aliyehubiri waziwazi juu ya ubaya wa wauaji hao, alipigwa risasi mjini Beni. Alipigwa ndani ya msikiti, katika mwezi wa Ramadhani, wakati wa sala. Siku chache baadaye, mwezi ule ule wa Mei, shehe mwingine wa upande wa Beni naye aliuawa. Twawauliza mabwana wa herufi: masheikh hawa mngewaandika wapi? Ile M yao iliwakinga na risasi ya nani? Wauaji wamewaua wenye rozari na wenye tasbihi. Nasi tuwatenganishe waliozikwa kwa mkono mmoja?

Wengine, wakishindwa kwa habari ya Beni, hufukua mambo ya zamani. Husema: "Babu zao waliuza babu zetu." Hatufichi kitu. Biashara ya watumwa ilikuwapo, nayo ilikuwa uovu mkubwa. Tarehe 15 Julai 1871 watu waliuawa kwa bunduki katika soko la Nyangwe, na Livingstone aliona kwa macho yake. Lakini soma ukurasa unaofuata. Mwaka 1887 mfalme Leopold, aliyejiita mkombozi wa watumwa, ndiye aliyemfanya Tippu Tip kuwa liwali wake huko Stanley Falls. Vita vya Wabeleji na Waarabu vilikuja baadaye, mwaka 1892, walipokwisha kugombea pembe za ndovu na njia za biashara. Nyangwe na Kasongo zikaanguka mwaka 1893. Baada ya hapo kamba ya shingo ilibadilishwa jina, ikaitwa kodi, ikaitwa kazi ya lazima, ikaitwa fimbo ya kiboko. Walioibeba walikuwa babu zetu wote.

Na hao Waislamu wa Maniema ni akina nani? Wengi wao ni Walega, Wakusu, Wasongola, Wazimba, watoto wa mito hii hii. Dini waliipokea, kama vile sisi tulivyopokea ubatizo. Mtoto wa mtu haulizwi deni la biashara ambayo babu yake mwenyewe labda aliuzwa ndani yake.

Twasema herufi hii si ngeni, kwani wakubwa wa zamani waliitumia kabla ya huyu wa leo. Kwa mapatano ya tarehe 26 Mei 1906, serikali ya Leopold na Vatikano walikubaliana kwamba misheni za Kikatoliki zipewe ardhi, hekta 100 hadi 200 kwa kituo, nazo zifungue shule. Tangu miaka ya 1920 fedha za serikali kwa ajili ya shule za watu weusi zilikwenda kwa misheni za Kikatoliki za Kibeleji. Waprotestanti walingoja mpaka baada ya vita kuu ya pili. Shule za serikali zisizo za misheni, kwa ajili ya watoto wa Kikongo, zilianza mwaka 1954 tu, wakati wa waziri Buisseret, na kelele za kumpinga zilikuwa kubwa. Na Mwislamu wa Kasongo au wa Kindu? Huyo aliachiwa njia mbili: mtoto akae bila kusoma, au abadilishwe jina ili apate ubao na chaki. Ndiyo sababu kwa miaka mingi makarani, waganga na waalimu walitoka upande mmoja, na upande wa pili wakaambiwa ni wajinga. Kwanza wakafungiwa mlango, kisha wakachekwa kwa kubaki nje!

Msidhani Mkristo alipona. Simon Kimbangu alikamatwa mwaka 1921, akafia gerezani mwaka 1951, naye alikuwa amehubiri Biblia. Watu wa Kitawala walioinuka mwaka 1944 upande wa Masisi na Lubutu walipigwa vibaya. Bwami ya Walega wetu ilikatazwa katika miaka ya 1940. Vyuo vya Kurani vilipelelezwa. Kila aliyemwomba Mungu bila ruhusa ya bwana mkubwa alihesabiwa adui. Serikali ikishika dini moja mkononi, nyingine zote huzishika kooni.

Sisi tunaoandika tulisoma katika sekondari ya misheni. Kalamu hii tuliipata huko, wala hatumtukani aliyetupa. Lakini tulikaa dawati moja na wenzetu waliokuwa na jina moja la nyumbani na jina jingine la shuleni. Mwalimu akiita jina la shuleni, mtoto hukawia kuitika, kwa sababu alikuwa bado hajalizoea. Sisi tulicheka. Leo tunaona haya kwa kicheko kile.

Ndugu wa kazi, kumbukeni pia upande wetu mwema. Patrice Lumumba, aliyefundishwa na Wakatoliki na Wamethodisti, kabla ya kwenda Stanleyville alikuwa karani katika kompani ya bati ya Symétain, huko Kalima, katika Maniema hii hii. Alikuwa mtu wa daftari kama sisi. MNC ilipoanzishwa mwaka 1958, iliita Wakongo wote bila kuuliza kabila wala dini, na Waislamu wa Maniema waliifuata kwa wingi, bega kwa bega na Wakristo. Uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 haukuja na herufi M wala herufi K.

Na kumbukeni upande wetu mbaya. Tarehe 11 Novemba 1961, mjini Kindu, warubani na mabaharia wa anga 13 wa Italia waliuawa. Walikuwa wamewaletea askari wa Umoja wa Mataifa vyakula na vifaa. Wakadhaniwa kuwa askari wa kukodiwa wa Tshombe. "Ndio hao!" Neno hilo lilitosha. Hakuna aliyengoja kusoma karatasi zao. Basi mtu akiwaambia leo, "Ndio hao!" akimwonyesha kidole mwenye kofia ya kitani, kumbukeni kwamba Maniema imekwisha kuliamini neno hilo mara moja, na aibu yake hatujaifuta.

Tunasikia pia wanaosema kwamba serikali isiyo na dini ni serikali ya wapagani. Hapana. Nendeni mkaitazame mizani yetu ya dhahabu. Mizani haisali. Haifungi Ramadhani wala Kwaresima. Je, ni adui wa Mungu? Kama mizani ingekuwa ya Wakatoliki, Mwislamu asingeleta dhahabu yake. Kama ingekuwa ya Waislamu, Mprotestanti angeshuku kila gramu. Kwa kuwa si ya yeyote, wote twaileta hapo, na mwizi akiichezea wote twapiga kelele. Serikali yatupasa kuitaka hivyo hivyo. Kusali ni kazi yetu. Kazi yake ni kupima sawa.

Na sheria imekwisha sema. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 1, yasema kwamba Serikali ya Kongo haina dini. Kifungu cha 13 kinakataza mtu kubaguliwa kwa ajili ya dini yake katika masomo na katika kazi za serikali. Kifungu cha 22 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri na wa ibada. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 haikubali dini iwe sababu ya kumfukuza mtu kazini. Basi anayetuagiza herufi atuonyeshe karatasi yake. Yetu ndiyo hii.

Tuulize sasa: ugomvi huu wamfaa nani? Sheria ya migodi ya 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, yagawanya ushuru unaolipwa na kompani yenye kibali cha kuchimba. Katika kila franka 100, 50 ni za serikali kuu, 25 za provensi, 15 za komine, sekta au cheferi ambamo mgodi upo, na 10 za mfuko wa vizazi vijavyo. Tangu neno la herufi lilipotoka, tumesikia mabishano mengi juu ya kanzu na msalaba. Hatujasikia mtu mmoja akisimama mkutanoni kuuliza habari za zile franka 15. Barabara ikiwa tope, Mwislamu na Mkristo husukuma lori moja. Dawa zikikosekana, mama wote wawili hulia mlango mmoja. Wapiganapo ndugu, mgeni hula chungu.

Kwa hiyo twasema haya, na kila mtu ayasikie:

1. Biro yoyote ya kazi hapa Kama isiandike dini ya mtu. Karani atakayeagizwa kuandika na akatae, nasi sote tusimame naye.

2. Koperative isimfungie mchimbaji mlango kwa sababu ya sala yake, iwe ya upande huu au wa upande ule.

3. Shule ambayo mwalimu wake analipwa na serikali, iwe ya misheni au ya Waislamu, ipokee kila mtoto kwa jina alilopewa na wazazi wake.

4. Mwenye ushahidi kwamba mtu fulani ametenda ubaya, aende kwa wenye sheria na jina la mtu mmoja na tendo moja. Anayekuja na jina la dini nzima hana ushahidi, ana chuki.

5. Mapadri, wachungaji na masheikh wausikiapo uvumi waukanushe siku ile ile, kila mmoja mbele ya watu wake mwenyewe. Sheikh kuwaonya Wakristo ni rahisi, na padri kuwaonya Waislamu ni rahisi. Kazi ni kuwaonya walio wako.

6. Kwenye mkutano ujao, kabla ya neno jingine lolote, tuulize hesabu ya franka 15.

Ndugu zetu wa Kiislamu, twawaambia ninyi pia bila kuficha: msimjibu mbaguzi kwa kujibagua. Akiwafungia mlango, nanyi mkajijengea ukuta, mmemsaidia kazi. Nanyi ndugu Wakristo, msiseme "sisi hatukusema neno." Uvumi hauhitaji wengi wa kusema. Wahitaji wengi wa kunyamaza.

Shimo likiporomoka, ninyi mwajua tunavyofanya. Kila mwenye jembe hukimbia, asiye na jembe hufukua kwa vidole. Hakuna anayeuliza aliye chini anaitwa Yusufu au Yosefu. Twasikiliza tu kama bado anapumua. Watu wanaojua kufanya hivyo chini ya ardhi hawawezi kushindwa kufanya hivyo juu yake.

Daftari liko wazi juu ya meza yetu. Njoo ulitazame. Jina, namba, shimo, siku, kilo. Basi.

Uhuru! Umoja! Usawa kwa wote!