Barua ya wazi kwa ofisi iliyotuandikisha baada ya mafuriko, Rumonge, Burundi

Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi,

Sitarudia unayoyajua: kikao cha kartiye, malalamiko yangu yaliyopokelewa na kugongwa mhuri, na jibu la karani wako kwamba “suala linashughulikiwa”. Nakuandikia hadharani kwa kuwa mambo yangu mliyaanika hadharani ninyi wenyewe.

Mwaka 2024, maji ya Tanganyika yalipopanda hadi vyumbani mwetu, mlikuja kutuandikisha. Tukapanga foleni. Jina la baba, jina la mama, namba ya karangamuntu (kitambulisho cha taifa), tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, idadi ya watoto, dole gumba kwenye wino. Karangamuntu yenyewe ikapigwa picha mbele na nyuma, kwa simu ya kijana wenu. Simu yake binafsi, si ya ofisi. Kioo kilikuwa na ufa na alilazimika kurudia mara mbili. Hatukuuliza picha inakwenda wapi. Mtu ambaye sufuria zake zinaelea haulizi habari za faragha, anataka turubai.

Baadaye orodha nzima, kurasa zote na mhuri wenu, ikarushwa kwenye kundi la WhatsApp “ili kila mmoja ahakikishe jina lake”. Tulihakikisha. Na wengine pia walihakikisha, maana kutoka kundi hilo iliingia la wavuvi, la msikitini, la mashabiki wa mpira. Shemeji yangu aliyeko Uvira, ng'ambo ya mpaka, alinitumia ukurasa wenye jina langu akiuliza kama msaada umeshafika.

Msaada haukufika. Aliyefika ni mtu mmoja kwa wakala wa simu, mbali na hapa, akiwa na jina langu, na namba na picha ya karangamuntu yangu, akidai kadi yake imepotea. Akapewa kadi mpya yenye namba yangu, na namba mpya ya siri. Ziwa lilikuwa limefungwa kwa uvuvi, nami nilikuwa sokoni napima mawese kwa chupa, simu ikakata mtandao. Namba ilipokuja kurudi mikononi mwangu, akaunti ilikuwa haina kitu.

Zilikuwamo faranga 1,800,000, Mheshimiwa, na hazikuwa zangu. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama wachuuzi wa ndagala. Tuliziweka pale tukingoja ziwa lifunguliwe tarehe 15 Agosti, tununue mzigo wa kwanza kwa pamoja. Kampuni ya simu inasema kumbukumbu zake ziko wazi: aliyetoa hela ni mimi, kwa jina langu na karangamuntu yangu. Kwa hiyo kwa hesabu za mashine nimejiibia. Kwa hesabu za wenzangu nimewaibia wao.

Ninaitwa mwizi. Nikifika mwaloni na beseni langu, wa kulia kwangu anasogeza lake, wa kushoto anakumbuka ana shughuli. Wavuvi waliokuwa wakinipa ndagala kwa mkopo sasa wanataka hela mkononi kwanza. Nimeuza baiskeli, nimekopa kwa riba, karo ya mwanangu imechelewa, hayo yatapita. Lakini binti wa jirani aliuliza mbele yangu, bila ubaya wowote, “Mama, huyu ndiye yule?” Ndiye. Huyu ndiye anayeitwa mwizi.

Kwenye kikao, afisa wenu alitueleza kwamba dunia imeharibika kwa teknolojia. Kuna akili bandia, akasema, inaiga sauti na kutengeneza sura za watu, basi tuwe macho. Watu wakaguna kwa hofu. Siku hizi hapa Rumonge akili bandia imekuwa kama jini: kila kinachopotea, limekichukua lenyewe. Sikatai kwamba sauti zinaigwa. Ila mimi sikuibiwa na mashine inayofikiri. Niliibiwa kwa picha ya karatasi. Akili iliyoibandika orodha ile kwenye kundi haikuwa bandia hata kidogo, ilikuwa ya kuzaliwa nayo, na kila mwezi inapokea mshahara.

Kigoma, Tanzania, wanakokwenda ndugu zetu kila wiki, wana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na tume ya kuisimamia. Rwanda walitunga yao 2021. Kenya na Uganda, 2019. Nairobi, mwaka 2023, watu walijipanga wapigwe picha za mboni za macho na mradi wa Worldcoin kwa ahadi ya malipo. Serikali ikasimamisha zoezi, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo zifutwe. Wale angalau waliahidiwa hela. Sisi tulitoa dole gumba bure. Sisi nasi tunayo sheria ya 16 Machi 2022 dhidi ya uhalifu wa mitandaoni, na inamfaa mwizi akipatikana. Aliyempa mwizi jina langu, namba yangu na picha yangu anafaa nini?

Na kwenu hakuna wazee? Mauaji yale ya 29 Aprili 1972 yalianzia pwani hii hii, na miongoni mwa waliouawa baadaye wapo waliofuatwa kwa majina yaliyokuwa yameandikwa. Orodha ya watu, Rumonge, hairushwi kama tangazo la harusi.

Leo kila mwenye kalamu anataka karangamuntu: shule, zahanati, chama, foleni ya mafuta. Kila mmoja anapiga picha. Picha hizo zinakaa wapi? Kijana wenu akiiuza ile simu yenye ufa, ananunuliwa nani pamoja nayo? Karani ananiambia faili langu limechelewa kwa kuwa mikoa ilipangwa upya 2025 na sisi tukaingia mkoa wa Burunga. Faili bado liko njiani. Orodha ilifika Uvira siku ile ile.

Siombi fidia, ingawa ningeipokea. Naomba picha zetu zifutwe kwenye simu zote za watu wenu, na mtuambie nani alikuwa nazo. Naomba pia karatasi moja, kwa Kirundi na Kiswahili, isomwe mwaloni asubuhi mitumbwi inaporudi, kabla ndagala hazijagawanywa, wakati wote wapo: kwamba ofisi yenu ndiyo iliyosambaza taarifa zangu, na kwamba mweka hazina hakuchukua hela ya kikundi. Asome mtu mwenye cheo, si yule kijana. Mhuri uwepo, maana huo hamjawahi kuukosa.

Wenu,
mchuuzi wa ndagala, Rumonge.
Jina langu mnalo.