Kabla ya kutuma hela ya "dawa ya gesi"

Ujumbe wa sauti huingia usiku, tukiwa hoi na kazi: "Mtambo wa biogesi umelegea, chai haichemki. Kuna dawa inauzwa, inaitwa vimeng'enya. Tutumieni hela." Na sisi, kwa kuwa hatutaki mama arudi kwenye moshi wa kuni, tunatuma.

Ndugu zetu, ushauri wetu ni huu: subirini kwanza.

Vimeng'enya si utapeli. Mabua ya mahindi na nyasi vina nyuzi ngumu, na bakteria hawapati kitu humo mpaka zivunjwevunjwe ziwe sukari. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya, na ndiyo hatua inayochelewesha gesi. Mitambo mikubwa ya Ujerumani inayolishwa mahindi na nyasi kwa tani, baadhi huongeza vya kiwandani. Lakini wao wana maabara, wanapima kama gesi iliyoongezeka inalipa gharama.

Mtambo wetu wa nyumbani unalishwa kinyesi cha ng'ombe. Kumbe kiwanda kipo tayari zizini! Vijidudu wa tumboni mwa ng'ombe hutengeneza vimeng'enya hivyohivyo, bure, kila siku. Na vile vya paketi ni protini. Vikiingia mtamboni navyo huliwa na bakteria. Kwa hiyo haitakuwa hela ya mara moja, utaombwa tena na tena.

Kabla ya kutuma, tuwaulize nyumbani, na watutumie video:

1. Mnalisha kiasi gani? Ndoo ya kinyesi kwa ndoo ya maji, kila siku. Kama ng'ombe mmoja ameuzwa kimyakimya, hakuna dawa itakayojaza pengo lake.

2. Mabua mnayakatakata? Yawe vipande vidogo, yalowekwe siku kadhaa pamoja na kinyesi. Maranda ya mbao yasiingie kabisa. Hayaozi upesi, huelea na kufanya utando juu.

3. Bomba mmelipaka povu la sabuni? Mapovu yakivimba, gesi inavuja. Kimeng'enya hakizibi ufa.

4. Maji ya kuoshea banda yenye dawa kali yanaingia mtamboni? Hayo huua bakteria.

Kama bakteria wamepungua kweli, waombe ndoo chache za tope kwenye mtambo wa jirani unaofanya kazi, au wachukue machinjioni majani yaliyosagika tumboni mwa ng'ombe. Wavute subira wiki kadhaa.

Muuzaji aking'ang'ania, sawa: waandike jiko linawaka saa ngapi kwa siku, wiki kadhaa bila dawa, kisha wiki kadhaa na dawa ya majaribio, chakula cha mtambo kikiwa kilekile. Saa zikiongezeka, tutazungumza bei. Zisipoongezeka, hela yetu ya jasho ikamlipe fundi wa bomba, au iwekwe akiba ya ndama.