Neno la Siri Linaloishia Nyuma ya Kalenda

Bado zipo benki zinazomlazimisha mteja wa mtandaoni abadilishe neno la siri kila baada ya miezi kadhaa, tena liwe na herufi kubwa, tarakimu na alama. Matokeo yake tunayaona majumbani. Bibi analiandika nyuma ya kalenda, au anampa mjukuu amshikie. Wengine huongeza namba tu mwishoni: 1, kisha 2, kisha 3. Na mwizi naye anajua kuhesabu.

Masharti haya yalienea kutokana na mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Aliyeuandika, Bill Burr, alikiri mwaka 2017 kwamba anajutia mengi aliyoyaweka humo. Mwaka huohuo NIST ikageuza msimamo: neno refu ni bora kuliko alama nyingi, na lisibadilishwe ila pakiwa na dalili kwamba limevuja. Basi benki inayoshikilia kanuni ya zamani inamtwika mteja mzigo usiomlinda.

Lakini hilo halimpi mjukuu ruhusa. Siri aliyokabidhiwa ni amana. Kuchukua hata shilingi 2,000 bila idhini ya bibi ni khiyana, ajue asijue.

Lililo salama zaidi ni bibi achague maneno manne yasiyohusiana, si majina ya watoto, na benki ikidai alama aitie baina yao. Anayepiga simu kuliuliza neno hilo, hata akijitaja kuwa wa benki, akatiwe simu.