Mgonjwa wa Kifua Kikuu Aambiwe Habari za Ini Lake

Kati ya dawa nne ambazo kwa kawaida huanzisha tiba ya kifua kikuu, tatu, yaani aisoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, zaweza kudhuru ini. Aisoniazidi huvunjwavunjwa na ini lenyewe, na baadhi ya mabaki yake ni sumu kwa seli za kiungo hicho. Hatari hii si ngeni. Mwaka 1970 huko Washington, Marekani, watumishi 2,321 wa Capitol Hill walianza kupewa aisoniazidi kama kinga. 19 wakaonyesha dalili za ugonjwa wa ini, na 2 kati yao wakafa.

Wapo wanaoona heri kunyamaza, wakichelea mgonjwa asije akaacha dawa. Sikubaliani nao. Mara nyingi huambiwa tu kwamba mkojo utakuwa na rangi ya chungwa, asiogope. Ni kweli: hiyo ni rangi ya rifampisini. Lakini ini likiumia, mkojo hugeuka mweusi kama chai ya rangi. Mtu aliyekwisha kutulizwa atatambuaje tofauti?

Basi afundishwe kutazama weupe wa macho. Ukigeuka manjano, au hata kabla ya hapo akichukia chakula na kutapika mfululizo, asimeze kidonge kingine bali arudi kituoni siku hiyo hiyo. Akipimwa na kuonekana ini limeumia, dawa husimamishwa. Likishatulia, hurudishwa moja baada ya nyingine chini ya uangalizi, na kwa wagonjwa wengi tiba huendelea hadi mwisho.