Mgeni Anabisha Hodi, Wewe Unapaka Nyumba Rangi

Mitihani imebana, ila hili limenikaa kooni tangu likizo, acha niliteme.

Hivi kwa nini kompyuta ikigoma dawa yetu ni moja tu, "piga Windows upya"? Nilikuwa nyumbani Nandagala, kule Ruangwa, binamu yangu anayesoma chuo kingine akaja na laptopu mkononi na sura imemshuka. Walipewa kazi ya kufanya kwenye Ubuntu ndani ya VirtualBox. Kwa asiyeijua, hiyo ni programu ya kuendesha kompyuta nyingine ndani ya kompyuta yako: Windows ndiyo mwenyeji, Ubuntu ndiye mgeni. Sasa kila akimwasha mgeni, haingii. Linatokea boksi limeandikwa VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED. Fundi mmoja alishamtajia bei ya kufomati, na projekti yake ya mwaka wa mwisho imo humo humo, kopi hana!

Jamani, maandishi yanatisha, lakini neno la mwisho si linasema kitu kimezimwa? Kilichozimwa ni VT-x, uwezo wa prosesa ya Intel wa kumbeba mgeni. Swichi yake iko kwenye BIOS, na BIOS haimo ndani ya Windows. Piga Windows hata mara kumi, swichi itabaki vile vile. Mgeni anabisha hodi, komeo limefungwa, wewe unapaka nyumba rangi.

Tulizima kabisa, tukawasha huku tunabonyeza F10 (yake ni HP, kwenye Dell ni F2), tukatafuta Virtualization Technology, tukaiweka Enabled, tukahifadhi. Kwenye AMD tafuta SVM. Basi, Ubuntu ikaingia na projekti ikabaki salama.

Wengine watasema mbona zamani ilikubali bila hayo. Kweli, VirtualBox za zamani zilimwendesha mgeni wa biti 32 bila VT-x. Toleo la 6.1 la Desemba 2019 ndilo lililofuta hilo. Na kama swichi umeiwasha bado inakwambia VT-x haipatikani, mshuku Hyper-V ya Windows, huwa inaikalia. Wakati mwingine mgeni anaingia ila chini ya dirisha kunatokea kikobe cha kijani. Hyper-V hiyo, na mwendo wake ni wa kobe kweli!

Mimi lawama zaidi nawapa wanaotuandalia karatasi za maabara. Ile ya binamu ilikuwa na hatua kibao za kuweka Ubuntu, BIOS hata mstari mmoja hamna, maana mashine za maabara zilishawashwa. Aliyeko kijijini je? Faili la Ubuntu 24.04 peke yake linapita GB 5. Ukifomati linakwenda nalo, ununue bando jingine, na boom lilishaisha zamani. Mstari mmoja tu, waheshimiwa!

Haya, mliokwama niandikieni, ila leteni maandishi ya kwenye boksi kama yalivyo, sio "imegoma tu". Nakimbilia pindi la saa nane.