Kupatwa kwa Jua na Sauti za Mbali

Wasomaji wetu wajua kwamba redio ya masafa ya kati huleta usiku sauti za miji ya mbali ambazo mchana hazisikiki. Sababu yake ni jua. Miale yake huitia umeme hewa iliyo juu yetu kiasi cha kilomita 60 hadi 90, na tabaka hilo huyameza mawimbi ya redio. Jua likitua, tabaka hilo hutoweka. Mawimbi hupanda hadi tabaka la juu zaidi, nalo huyarudisha ardhini mbali.

Basi jua likipatwa, huko juu huwa mfano wa usiku mfupi. Alhamisi, tarehe 1 Septemba 2016, karibu na saa sita mchana, watu wa Rujewa, mkoani Mbeya, waliliona jua limekuwa pete. Na huku Dodoma sehemu yake kubwa ilifunikwa. Wakati kama huo tabaka lile hudhoofika, na sauti ya mbali huweza kusikika mchana, kisha ikapotea mwanga urudipo.

Wako wasemao kuwa hiyo ni ndege mbaya. Jua lilipatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.); watu wakadhani ni kwa ajili ya msiba ule, naye akawafundisha kuwa jua halipatwi kwa kufa mtu wala kuzaliwa kwake. Wako na vijana wasemao kuwa, maadamu sababu imejulikana, sala ya nini? Nasi twawajibu: sala ile haikuwekwa kwa ajili ya ujinga wetu, bali kwa utukufu wa Muumba. Basi lipatwapo, tusilikodolee macho matupu. Na tusali mpaka litakate.